Wivu Niliotoka Nao Jeshini

Vijana wa jikoni, siku mliponiaga mlinipa blanketi, mkanipigia makofi, mkasema, "Afande Wambua, ukifika nyumbani tuandikie vile ulivyofanya kazi." Nilikubali nikidhani ni maneno ya kuagana tu. Sasa nimekaa hapa Mbooni miezi mitatu. Mahindi nimepalilia, ua nimerekebisha, na sina kisingizio tena. Isitoshe, wiki mbili zilizopita nilipata barua ya Kyalo, yule dereva wa lori la chakula mnayemjua nyote, mtoto wa mdogo wangu Mutinda. Muda wake wa kwanza wa miaka tisa unaisha mwezi ujao, naye ameniuliza swali moja: asaini tena ama arudi nyumbani? "Baba mkubwa," ameandika, "wewe ndiye uliniambia niingie. Niambie na hili." Basi nawaandikia nyinyi wote, lakini wewe Kyalo soma polepole. Jibu lako limo humu, na si tamu.

Vyeo sitavitaja. Mshahara mnaujua wenyewe, na kuulalamikia mnajua kunishinda.

Niliandikwa jeshi miaka michache baada ya uhuru. Kabla ya hapo nilikuwa nafanya kazi katika hoteli ya chai kule Makindu, nikiwamiminia chai wasafiri wa barabara ya Mombasa, ambao daima walikuwa na haraka na daima waliona chai ni baridi. Tuliposikia jeshi linatafuta vijana, nilirudi Mbooni kumchukua Mutinda twende pamoja. Mimi ndiye mkubwa, yeye ananifuata kwa miaka miwili. Baba yetu alitusikiliza, akasema, "Nendeni wote wawili. Lakini wakiwataka wote, mmoja atarudi. Siwezi kuachiwa mlima huu peke yangu."

Uwanjani tulivua nguo tukabaki na kaptura. Tulikimbizwa mpaka wengine wakatapika uji wa asubuhi. Tulipimwa kifua, tukaangaliwa meno na nyayo kama ng'ombe wa mnada. Aliyefaa aliandikwa nambari kifuani kwa chaki. Mimi niliandikwa. Nikageuka, na Mutinda naye ameandikwa, tena yeye alikimbia vizuri kuliko mimi. Tukatazamana. Kabla hajafungua mdomo nikasema, "Mimi ndiye mkubwa." Hakubishana. Alichukua shati lake, akafuta ile chaki, akavaa, akashika njia ya kurudi mlimani kwa miguu. Nilimwonea huruma njia nzima ndani ya lori. Huruma hiyo haikudumu.

Baada ya mafunzo tulipangwa foleni tugawiwe kazi. Sajini mmoja mwenye masharubu akaniuliza, "Wewe umewahi kufanya kazi wapi?"

"Hotelini, afande."

"Hoteli gani?"

"Ya chai, afande. Makindu."

Alicheka mpaka akashika mkanda. "Mungu ametukumbuka," akasema, "jikoni wanalilia mtu." Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi. Nilikuwa nimemwacha ndugu yangu uwanjani ili nikashike bunduki, nikakabidhiwa mwiko. Bunduki nilipewa pia, kila mwanajeshi ana yake, lakini mnajua wenyewe mpishi anashika kipi zaidi.

Mkubwa wa jiko alikuwa Koplo Bakari, mtu wa Kitui mjini, kutoka zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walipanda kutoka pwani kufanya biashara wakakaa. Kikamba chake kilikuwa kama changu, na Kiswahili chake kilifanya changu kionekane kimekatwa kwa panga. Siku ya kwanza hakunipa kisu wala sufuria. Alitandika gunia jeupe chini, akamwaga maharagwe, akasema, "Chagua." Nilichagua asubuhi nzima. Nilipomaliza alipitisha mkono mara moja, akatoa jiwe dogo, akaniwekea kiganjani.

"Unaona nini hapa?"

"Jiwe, afande."

"Hili ni jino la mtu. Anza tena."

Nilianza tena. Mliofundishwa na mimi mnajua nilirithi wapi ule ukali wa gunia. Bakari ndiye aliyenifundisha kutotia chumvi maharagwe kabla hayajaiva, kuchimba mtaro wa moto kwa kufuata upepo tukiwa porini, na kutembea na kijiko changu mwenyewe mfukoni ili nisionje kwa mwiko kama mlevi. Alinifundisha pia kwamba mpishi anakula mwisho, na lazima aonekane akila mwisho.

Hilo la mwisho lilituokoa tulipopelekwa kaskazini. Lori la maji lilichelewa siku mbili, na sisi tulikuwa watu sitini na jua la kule halina urafiki na mtu. Bakari alikataza ugali, kwa sababu unakula maji sufuriani na unaleta kiu tumboni. Tukawapa nyama ya mkebe na nusu kikombe cha chai. Askari mmoja, mtu mkubwa kama mlango, alinishika kola akitaka kikombe kijae. Bakari hakuinua hata sauti. "Mpige," akamwambia. "Kesho utapikiwa na nani?" Kisha akachukua kikombe chake, akakijaza robo tu, akanywa mbele ya wote, wa mwisho. Yule bwana akaniachia kola. Lori lilifika siku ya tatu, na hakuna aliyetaja jambo hilo tena.

Kitu kingine Bakari aliniambia, na hiki ndicho ninachotaka mkishike, kilikuwa kuhusu vijana wanaokuja kuuliza kama waingie jeshi. "Usimshauri mtu habari ya jeshi wakati wewe mwenyewe una kitu moyoni na watu wa nyumbani kwako," alisema. "Hutamwona yeye. Utajiona wewe." Nilijibu, "Ndiyo, afande," jinsi kuruti anavyojibu, na nikaendelea kumenya viazi.

Mke wangu Ndunge alijifungua mtoto wetu wa kwanza, Kalekye, mimi nikiwa huko kaskazini. Nilipopata likizo mtoto alikuwa tayari anakimbia. Nilipanda kile kilima na sanduku la bati begani, magwanda yamepigwa pasi hata nzi anateleza, nikitazamia kukimbiliwa. Kweli alikimbia. Alikimbia upande wa pili, akajificha nyuma ya miguu ya Mutinda, akawa ananichungulia.

"Huyu ndiye baba yako," Mutinda akamwambia. "Msalimie."

"Afande," mtoto akasema, maana ndivyo mama yake na majirani walivyoniita waliponizungumzia.

Watu wakaangua kicheko. Aka, mtoto ana adabu ya kijeshi! Nami nilicheka. Lakini nilimwona Mutinda akimwinua kwa mkono mmoja, bila kufikiri, kama mtu anayetoa kofia yake msumarini. Nikaona wivu. Sijui jina lingine na sitalitafuta.

Ukishaanza kuona wivu, unaona mpaka vitu vya bure. Nilimwonea wivu kwa mbwa wake aliyemfuata shambani. Nilimwonea wivu kwa nafasi yake kanisani, benchi la tatu, ambayo hakuna mtu aliyeikalia hata akichelewa. Mimi nilipoingia walinisogezea kiti cha wageni. Kambini niliwaambia wenzangu, "Ndugu yangu ni mkulima tu," halafu nikirudi kwenye kitanda changu nilikuwa nahesabu miezi iliyobaki nikamwone akiwa mkulima tu.

Acha niwasimulie siku ya mwethya. Ambao si wa huku, mwethya ni kikundi cha majirani cha kuchimba matuta shambani. Leo mnachimba kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na mwenye shamba anawapikia. Huku kwetu mlima umesimama wima, na bila matuta mvua inateremka bondeni na udongo wako na mbegu zako. Kila nyumba lazima itoe mtu wa kuchimba. Nyumba yangu haikuwa na mwanamume, kwa hivyo miaka yote hiyo Mutinda alichimba mara mbili: kipande cha nyumba yake, kisha kipande cha nyumba yangu.

Likizo moja zamu ya shamba langu ilinikuta nyumbani. Nikasema, leo watajua mimi ni nani. Nilimwambia Ndunge aniachie moto. Nilitaka kuwapikia muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa ganda likatoka, pamoja na maharagwe, kitunguu na nyanya, kama tulivyopika kambini. Shida ilikuwa mkono wangu. Mkono ulikuwa umezoea kambi nzima. Nilipomimina debe la tatu, Ndunge alikuja mbio.

"Baba Kalekye, unapikia vita gani?"

"Niache, mama. Hii ndiyo kazi yangu."

Wachimbaji walikuwa thelathini. Walikula wakashiba, wakabeba wakapeleka makwao, mbwa wa kijiji kizima wakala, na bado chakula kilibaki. Hicho kilikuwa chakula cha nyumba yangu mpaka mavuno. Ndunge hakunisemesha siku mbili, na alikuwa na haki. Lakini si hilo lililoniuma. Kazi ilipoisha, kiongozi wa kikundi, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu mlima wa pili, alisimama juu ya tuta jipya akasema, "Tunamshukuru Mutinda kwa shamba zuri na kwa chakula kingi!" Watu wakapiga makofi.

"Hili ni shamba la kaka," Mutinda akasema.

"Ndiyo, ndiyo, tunajua," yule mama akajibu, na akaendelea kumsifu Mutinda. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, mwiko mkononi, jasho likinitoka. Wee! Sijawahi kumchukia mtu asiye na kosa kama nilivyomchukia ndugu yangu saa ile.

Miaka ikaenda. Kalekye akamaliza shule ya msingi, akapata nafasi sekondari. Nilikuja likizo siku hiyo hiyo alipokuwa amejaza fomu ya shule. Ilikuwa juu ya meza. Nikaichukua kwa furaha nisome mwandiko wa mtoto wangu, ambao ni mzuri sana. Mahali palipoandikwa jina la mzazi alikuwa ameandika Mutinda. Nilimwita.

"Kalekye, hapa umeandika nani?"

"Baba mdogo," akasema. Hakuona aibu wala hofu, aliona ni jambo la kawaida. "Shule wakiita wazazi, si yeye ndiye huja?"

Nilirudisha fomu mezani, nikaiweka sawasawa ilivyokuwa. Nikatoka nje nikajifanya naangalia ua. Hapo ndipo Kyalo aliponikuta.

Kyalo ndiye kifungua mimba wa Mutinda. Wakati huo alikuwa amemaliza kidato cha nne. Nawaambia nyinyi mnaomjua kwenye usukani tu: huyo kijana alikuwa na mkono wa ajabu wa kubebesha michungwa. Alichukua shina la mlimau, akalipasua kwa kisu, akalichomekea kijiti cha mchungwa, akafunga, na kikashika. Yaliyomshinda baba yake yeye aliyaweza. Mutinda alikuwa amepanda safu tatu mpya za miche ya milimau ya kubebeshwa, na hakuwa na haja ya kusema zilikuwa za nani.

"Baba mkubwa," Kyalo akasema, "wanaandika watu mwezi ujao. Unaonaje, jeshi litanifaa?"

"Baba yako anasemaje?"

"Anasema nikuulize wewe. Anasema wewe ndiye unayejua."

Nilimtazama. Alikuwa na macho ya Mutinda, yale ya uwanjani. Nikamkalisha kwenye jiwe, nikaanza. Nilimwambia habari za gwaride asubuhi, miguu mia tatu ikigonga chini mara moja. Nilimwambia habari za kuendesha lori kubwa, za kuiona bahari, za mwenzako aliyekupa nusu ya kikombe chake cha mwisho. Nilimwambia kwamba jeshi litamfunza kuamka, kunyamaza na kuvumilia. Kila neno lilikuwa la kweli. Sikudanganya hata kidogo. Nilimchagulia tu. Nilimwekea mazuri mbele yake, na yale mengine nikayafagia chini kama uchafu wa maharagwe. Sikumwambia habari ya mtoto anayekimbilia miguu ya mtu mwingine. Sikumwambia habari ya kusogezewa kiti cha wageni. Hakuna anayemwambia kuruti kwamba mtihani mgumu wa jeshi hauko jeshini, uko kwenye likizo: kwamba utarudi kwako ukiwa mgeni, na itakubidi uwapende watu waliobaki bila kuwaonea kijicho. Wapo wanaoweza. Nimefanya kazi nao, wamerudi kwao wakicheka. Mimi sikuweza, na nilijua sikuweza, na sikumwambia.

Kyalo alifaulu. Siku ya kuondoka, likizo yangu ikikaribia kuisha, Mutinda alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akakaa barazani kwake peke yake na kofia magotini. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua, natengeneza mpini wa jembe. Nikamwona. Nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilijisemea, haya, na wewe onja.

Tangu hapo kila nilipokuja likizo Mutinda aliniuliza neno lile lile: "Kyalo anakula vizuri?" Miaka ile tuliyokuwa kambi moja nilimjibu, "Anakula, mimi mwenyewe nampikia." Alifurahi sana kwa jibu hilo. Alinipa gunia la machungwa niende nalo, akisema, "Asante, kaka, kwa kumwangalia." Nilibeba machungwa hayo, na nikayala. Zile safu tatu za miche nilizipita kila mara. Nyingi zilikuwa bado milimau mitupu, zimerefuka bila mtu wa kuzibebesha, na malimau yanaoza chini.

Kyalo, wewe mwenyewe ulioa, ukamwacha mkeo hapa kama nilivyomwacha Ndunge. Mtoto wako sasa ana miaka miwili na nusu. Ni mjanja, ana miguu ya mbio. Hujamwona tangu mwaka jana, kwa hivyo nakwambia mimi ninayemwona kila siku: Mutinda ndiye anayemwita baba. Mutinda humrekebisha, "Mimi ni babu," naye hucheka akasema tena baba.

Jana asubuhi nilichukua karatasi hizi, nikaenda kwa Mutinda. Alikuwa anakata matawi. Nikamwambia akae nimsomee, nikasoma kila kitu mpaka hapa nilipofika. Nilipomaliza aliniomba nirudie pale pa fomu ya Kalekye, nikarudia. Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo nilipomtuma kwako..."

"Ndiyo."

"Na ulijua nilichokuwa nakitaka."

"Hukusema. Lakini nilijua."

Alikunja kisu chake cha kubebeshea, akakitia mfukoni. "Miaka tisa, Wambua," akasema. Tangu tukiwa watoto hajawahi kuniita kwa jina tupu. Akasimama akaingia ndani, akafunga mlango. Leo kanisani tumepishana mlangoni na hakunisalimia. Ndunge ameniambia hatanibebea ujumbe kwenda huko, nilichovunja nikitengeneze mwenyewe. Sijui kama kitatengenezeka. Nitarudi kesho, na kesho kutwa, mpaka atoke.

Nyinyi wengine wa jikoni, fanyeni kazi. Jeshi si mahali pabaya. Lilinipa Bakari, lilinipa ufundi, na sufuria zenu nilizipenda kuliko nilivyoonyesha. Mkiulizwa na vijana wa kwenu, wajibuni, lakini kwanza jiulizeni mna nini na watu wa kwenu.

Na wewe, Kyalo. Umeuliza usaini ama urudi. Wewe ni dereva mzuri, wakubwa wanakuamini, ukisaini utafika mbali kuliko nilivyofika mimi. Nikifikiria ukirudi, wewe na baba yako mkiwa pamoja kwenye michungwa na huyo mtoto akikukimbilia, wivu unanirudia hata sasa, mzee mzima na mvi zangu. Nakwambia ili ujue ushauri wangu una uzito gani. Hauna. Mimi ni mtu wa mwisho unayepaswa kumsikiliza katika jambo hili. Mwandikie baba yako, umuulize yeye, na mara hii usikubali akutume kwa mtu mwingine. Mara ile alinyamaza kwa sababu aliniamini. Alitaka ubaki. Nilijua anataka ubaki, nikakwambia nenda.